Kurudisha rutuba kwenye ardhi iliyochimbwa madini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila kikao cha wakulima wa maeneo yenye machimbo madogo ya dhahabu: Geita, Kahama, Tarime, Chunya, na ng'ambo ya mpaka kule Migori na Kakamega. Machimbo ya mawe ya chokaa na ya mchanga wa madini ya Pwani ya Kenya yana tabia zake, nayo yametajwa yanapohusika. Majibu yana namba ili moja lirejelee jingine.

## Kabla ya kushika jembe

1. Ardhi iliyochimbwa dhahabu inaweza kweli kurudi kuwa shamba?

Sehemu kubwa inaweza, ila si yote. Kinachoamua ni kazi iliyofanyika pale. Palipochimbwa maduara tu (mashimo marefu ya kushukia kwenye mwamba) na mawe yakapakiwa kwenda kwingine, tatizo ni rutuba: udongo mzuri umefukiwa, mbovu umekaa juu. Palipokuwa na mwalo, yaani karasha (mashine ya kusaga mawe), makaro ya kuoshea na watu wanaokamata dhahabu kwa zebaki, tatizo la kwanza ni sumu, rutuba ni la baadaye. Palipomwagwa marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa) yaliyopitishwa kwenye matangi ya sianidi, hayo ni mambo mengine tena (tazama 19).

Ekari mbili tu zinaweza kuwa na hali zote tatu. Ndiyo maana ushauri wa "mwaga samadi, itarudi" unaweza kumfaa jirani yako na wewe usikufae.

Kwa aliyekata tamaa, upo mfano wa Bamburi karibu na Mombasa. Machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalikuwa mwamba mtupu wenye maji ya chumvichumvi chini yake, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa mwanzoni, zilizohimili ni tatu: mvinje, damasi na mnazi. Leo ni msitu. Msitu na shamba la mahindi si kitu kimoja, lakini udongo ulitengenezwa pale ambapo haukuwepo kabisa.

2. Zamani nilivuna vizuri hapa. Kwa nini sasa mahindi yanatoka ya njano na kufupia magotini?

Kwa sababu unapanda kwenye udongo wa chini. Chakula kingi cha mmea kimo kwenye sentimita 20 au 30 za juu: humo ndimo yalimo mabaki ya majani na mizizi, na wadudu na vimelea wanaoyaozesha. Naitrojeni ya udongo karibu yote imefungwa kwenye mabaki hayo. Mchimbaji anapoteremsha duara, udongo huo ndio wa kwanza kutoka, hivyo ndio unaolala chini kabisa ya lundo, na juu yake vinapangwa vifusi vya mita kumi, ishirini, thelathini kwenda chini.

Njano inayoanzia majani ya chini ni njaa ya naitrojeni. Majani yakiwa na rangi ya zambarau, ni fosforasi. Kingo za majani ya zamani zikikauka kama zimebabuliwa, ni potasiamu. Njano ya majani machanga juu, na mizizi mifupi minene isiyo na vinyweleo, hiyo ishuku: huenda ni tindikali au shaba iliyozidi, na hapo mbolea haitasaidia kitu.

3. Basi nianze na mbolea gani?

Mbolea ya dukani ni ya mwisho kwenye foleni. Kwanza ujue kama kuna sumu (4 na 5). Kisha ardhi ifukiwe na kulegezwa (6 hadi 8). Halafu samadi, mboji na mikunde (9 hadi 12), chokaa kama vipimo vinadai (13), ndipo DAP na urea. Anayeruka hatua hizi hununua mbolea kila msimu, na mvua ya kwanza huishusha yote chini ya mizizi, maana udongo hauna cha kuishika.

4. Nitajuaje kama kuna sumu?

Anza na historia kabla ya maabara. Waulize waliofanya kazi pale: karasha ilikaa wapi, makaro yalikuwa wapi, maji machafu yalielekea upande gani, nani alichomea dhahabu na wapi. Zebaki hukusanyika palipooshewa na palipochomewa, na baada ya miaka kumi bado ipo. Chora ramani hata kwa kijiti, uweke alama.

Kisha tumia macho. Dimbwi lenye maji ya rangi ya chungwa au utando wa kutu linaonyesha mawe yenye pairiti (madini ya chuma na salfa) yanayotoa tindikali (21). Unga laini wa kijivu uliolala tabaka tabaka, usioota hata majani ya porini baada ya masika mawili, ni marudio. Lakini kuota kwa majani si cheti cha usalama: mmea unaweza kunawiri huku umebeba risasi au aseniki.

Hili la risasi lichukuliwe kwa uzito. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini. Vumbi lilikuwa uani, kwenye vinu na mikononi mwa watoto. Kusafisha kulimaanisha kuondoa udongo wa juu wa nyua nzima na kuleta mwingine.

5. Sampuli ya udongo inachukuliwaje, na inapelekwa wapi?

Gawa shamba kwa historia yake: kifusi peke yake, mwalo peke yake, sehemu ambayo haikuguswa peke yake. Usichanganye. Katika kila sehemu pita kwa mwendo wa zigizagi, chota vidoto 15 hadi 20 vya kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, punguza hadi kilo moja, anika kivulini. Mfuko uliokuwa na mbolea hautakiwi. Punje chache tu za DAP zinatosha kukuletea majibu ya uongo.

Kwa rutuba, TARI Mlingano iliyoko Muheza ndiyo kituo cha utafiti wa udongo Tanzania; Ukiriguru iko jirani kwa watu wa Mwanza na Geita, na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro kina maabara. Kenya kuna KALRO Kabete.

Sasa sikiliza vizuri: kipimo cha kawaida cha udongo hakipimi metali nzito. Utaletewa pH, kaboni, naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na utadhani uko salama. Zebaki, aseniki, risasi na kadimi huombwa kwa majina na hulipiwa tofauti. Tanzania, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) ya Dodoma na Mkemia Mkuu wa Serikali ni milango ya kugonga. Gharama ikiwa kubwa, changeni kama kikundi na mpeleke sampuli za pale tu ramani ya namba 4 inapotilia shaka.

## Mashimo, kifusi na udongo wa juu

6. Maduara ya zamani nifukie vipi?

Duara lenye matimba (mbao za kuegemeza kuta) ni hatari ya aina yake. Mbao huoza taratibu, na ardhi uliyoiona imara hudidimia masika moja bila taarifa, pengine chini ya ng'ombe wa kulimia. Usilime karibu na mdomo wa duara lisilofukiwa, wala usimtume kijana ashuke kung'oa matimba auze kuni. Wapo waliobaki huko.

Kufukia: mawe makubwa chini, kifusi cha kawaida juu yake, kisha tabaka la mfinyanzi lishindiliwe ili maji yasizame yote, mwisho udongo bora uliopo, angalau sentimita 30. Acha juu kidogo ya usawa wa shamba, kwa sababu kitashuka. Misimu miwili ya kwanza panda mazao ya muda mfupi tu. Mwembe uliopandwa juu ya duara jipya huinama.

7. Udongo wa juu umeshachanganyika na kifusi. Ninao tena?

Tafuta kwanza. Kwenye machimbo madogo udongo wa juu mara nyingi umelala chini ya ukingo wa lundo, mweusi au kahawia iliyokolea kuliko vingine. Chimba kwa sururu pembeni ya lundo uone. Ukiupata hata wa toroli kadhaa, usiutawanye shamba zima ukawa utando. Uweke kwenye mashimo ya kupandia.

Kama uchimbaji bado unaendelea, udai udongo wa juu uwekwe kando tangu siku ya kwanza, kwenye lundo lisilozidi mita mbili, lioteshwe kunde au fiwi. Lundo refu hukosa hewa ndani, na kuvu wa mizizini wanaousaidia mmea kutafuta fosforasi hufa wakikaa bila mizizi hai.

8. Ardhi imeshindiliwa na malori na karasha, jembe linadunda. Nifanyeje?

Pima kwanza. Siku moja au mbili baada ya mvua nzuri, sukuma nondo ya milimita nane kwa mkono. Ikigoma kabla ya sentimita 30, mizizi nayo itagoma hapo hapo. Trekta lenye chombo cha kupasulia udongo chini likipatikana, lipite wakati udongo ni mkavu kiasi. Ukiwa umelowa, litaukandika zaidi.

Bila trekta, usijitese kulima ekari nzima. Chimba mashimo ya kupandia ya upana na kina cha sentimita 60, jaza samadi na udongo, panda humo mahindi au mtama. Mbaazi zifuate pembeni: mzizi wake mkuu hupenya mahali jembe limeshindwa. Kwenye mteremko weka makinga maji na mistari ya vetiva au mabingobingo kabla ya yote, maana kifusi kilicholegezwa bila kinga huhamia mtoni kwa masika moja.

## Samadi, mboji na mikunde

9. Samadi kiasi gani?

Shamba la kawaida hushauriwa tani 10 kwa hekta, sawa na tani 4 kwa ekari. Kwa kifusi kitupu lenga mara mbili ya hapo mwaka wa kwanza, ukiweza. Kwa kenta ya tani 3, ni tripu mbili na nusu hivi kwa ekari, au zaidi kidogo.

Samadi kavu ya ng'ombe ina naitrojeni ya asilimia 1 hadi 1.5, kwa hiyo tani 10 zina kilo 100 hadi 150. Lakini mmea haupati yote msimu huo. Sehemu kubwa hutolewa polepole kwa miaka. Kinachonunuliwa hasa kwa samadi ni kaboni: ndiyo inayoshika maji na kuzuia mbolea ya dukani isipotee.

Haitoshi? Weka kwenye mashimo ya kupandia pekee. Heri robo ekari iliyopona kuliko ekari mbili zilizonusishwa samadi.

10. Naweza kutumia maranda ya mbao, pumba za mpunga au mabua?

Ndiyo, ukijua yanavyofanya kazi. Maranda yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno. Ukiyachimbia mabichi, vimelea vinavyoyaozesha hukopa naitrojeni iliyomo udongoni, na mahindi hubaki na njaa msimu mzima. Yatandaze juu kama matandazo, au yaozeshe kwanza pamoja na samadi. Pumba zilizochomwa kuwa makaa, bila kuachwa zigeuke majivu meupe, hudumu udongoni muda mrefu na hufaa sana kwenye mchanga.

Taka za mji zilizooza zina rutuba, ila huja na betri, vioo na plastiki. Huwezi kuondoa sumu ya mgodi kwa kuleta nyingine.

11. Mikunde ipi inafaa, na nitajuaje inafanya kazi?

Kunde, mbaazi, fiwi, karanga, njugu mawe na marejea. Marejea hukua haraka na kutoa majani mengi ya kulaza. Mbaazi ina faida ya ziada: mizizi yake hutoa asidi inayolegeza fosforasi iliyoshikwa na chuma kwenye udongo mwekundu. Soya huleta shida bila chanjo maalumu ya mbegu.

Kifusi kutoka chini hakina bakteria wanaoishi na mizizi ya mikunde, au wapo wachache. Dawa rahisi: chukua udongo wa shamba lililotoa kunde nzuri, konzi moja kwa kila shimo. Chanjo ikipatikana, paka mbegu kivulini na panda siku hiyo hiyo.

Mkunde ukianza kutoa maua, ng'oa mmoja kwa koleo, taratibu, usivute kwa mkono maana utaacha vinundu ardhini. Suuza mizizi kwenye ndoo. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu au waridi, naitrojeni inatengenezwa. Pakiwa peupe au kijani, mmea unalisha wageni wasiofanya kazi. Kama hakuna vinundu kabisa, rudia udongo au chanjo. Na angalia fosforasi, kwa sababu bila hiyo vinundu havifungi.

Mbegu ikivunwa yote na mabua yakalishwa mbuzi wa jirani, ardhi imebaki na kidogo mno. Misimu miwili ya kwanza marejea na fiwi zilazwe zikiwa na maua. Inauma, lakini ndiyo ada.

12. Kweli jongoo wanatengeneza udongo?

Bamburi ndiko kulikothibitika. Sindano za mvinje zilirundikana chini bila kuoza kwa sababu zina tanini nyingi. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakizila, akawaeneza kwenye msitu. Kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, na mboji ikaanza kujengeka juu ya mwamba. Mvinje wenyewe hujitafutia naitrojeni kwa vinundu, ingawa si mkunde.

Kwako: usiue jongoo, wala usichome mabaki. Mchwa nao wana kazi hiyo hiyo kwenye udongo mgumu, matandazo huwaita.

## Chokaa na mbolea za dukani

13. Kila mtu anasema niweke chokaa. Niweke?

Baada ya kupima tu. Mazao mengi hupenda pH ya 5.5 hadi 7. Chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa. Hapo chokaa ya kilimo au dolomaiti ina maana, kwa kawaida tani 1 hadi 2 kwa hekta, ichanganywe na udongo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda. Isikutane na urea wala samadi mbichi siku moja. Naitrojeni itapaa hewani. Chokaa ya kupaka nyumba ni kali zaidi na huunguza ngozi na miche.

Kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, kuongeza chokaa ni kupoteza hela. Dondoshea udongo siki au ndimu: ukitoa povu, chokaa ipo tele. Huko kinachokosekana ni chuma, zinki na fosforasi, na mbolea bora ni SA (salfeti ya amonia) pamoja na samadi nyingi. Marudio ya sianidi nayo huwa yameshawekwa chokaa wakati wa kuchenjua (kutoa dhahabu kwenye mawe), na pH yake inaweza kupita 10.

14. DAP, urea, CAN au Minjingu?

Kupandia, fosforasi ndiyo inayokosekana zaidi kwenye kifusi. DAP (18-46-0) hufanya haraka. Minjingu, fosfeti ya miamba inayochimbwa mkoani Manyara, hufanya polepole na huhitaji udongo wenye tindikali ili iyeyuke. Kwenye kifusi chekundu cha pH 5 ni chaguo zuri na huleta kalsiamu. Kwenye udongo wa chokaa itakaa kama changarawe.

Kukuzia, urea ina naitrojeni asilimia 46, lakini ifukiwe. Ikilala juu ya udongo wa moto huondoka kama harufu. CAN ni ghali kwa kila kilo ya naitrojeni ila haitindikishi sana. Tumia kifuniko cha soda kwa kila shimo badala ya kutupa kwa mkono. Kabla ya kuweka fosfeti palipo na aseniki, soma 20.

15. Shamba langu ni mchanga mtupu, mbolea haikai. Kuna njia?

Hili ni la Kwale, Pwani ya Kenya, zaidi. Mgodi wa titaniamu wa Base, ulioanza kuzalisha mwishoni mwa 2013 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024, ulikuwa ukiosha mchanga na kutenganisha udongo laini wa mfinyanzi na punje. Mchanga uliobaki bila mfinyanzi haushiki maji wala chakula. Kisayansi jibu ni la wazi: rudisha mfinyanzi, ongeza kaboni, funika kwa mikunde itambaayo. Kwa mkulima mmoja mmoja, hata ndoo ya udongo wa kichuguu au wa bondeni kwenye kila shimo hubadilisha hali.

Naitrojeni igawanywe mara tatu badala ya mbili. Potasiamu usiisahau, nayo huoshwa. Majivu ya jikoni husaidia. Mihogo na korosho huvumilia mchanga kuliko mahindi, na anayeng'ang'ania mahindi mwaka wa kwanza anatafuta kesi.

## Nini kipandwe

16. Mazao gani ni salama palipokuwa na mwalo?

Majibu ya maabara yakiwa mabaya, usipande chakula. Yakiwa ya katikati, fuata mpangilio huu: mboga za majani (mchicha, sukuma wiki, majani ya kunde) hubeba metali nyingi kuliko zote na hushika vumbi, mizizi kama viazi na karoti hugusana na udongo wenyewe, nafaka na matunda ya mti hubeba kidogo. Viwango vya kimataifa vya Codex huruhusu risasi miligramu 0.3 tu kwa kilo ya mboga za majani, kiasi ambacho vumbi lisilooshwa vizuri linaweza kukivuka.

Mkonge na miti ya mbao ni salama zaidi kwa maana ya mlo. Pamba watu huidhania hivyo pia, lakini mbegu zake hukamuliwa mafuta na mashudu hulishwa ng'ombe. Malisho nayo yamo kwenye hesabu hiyo: ng'ombe hula udongo pamoja na nyasi.

17. Nimesikia alizeti hunyonya sumu yote. Ni kweli?

Kuna mimea inayonyonya metali kweli. Jimbi liitwalo Pteris vittata hukusanya aseniki kwa kiwango cha ajabu. Lakini kazi huchukua miaka mingi, na mavuno yenyewe ni taka ya sumu: hayaliwi, hayachomwi jikoni, hayawi mboji. Alizeti hunyonya kidogo tu, na atakayeiona imekomaa ataikamua mafuta.

Njia yenye matumaini zaidi ni kuituliza sumu mahali ilipo: chokaa, mboji na nyasi zinazofunika ili vumbi lisiruke. Lubumbashi, kwenye udongo uliochafuliwa na moshi wa kiwanda cha shaba, watafiti wa chuo kikuu cha huko wamefanya hivyo kwa nyasi fupi ya kienyeji, Microchloa kunthii. Hapo lengo ni ardhi isiyodhuru watu. Mavuno hayapo kwenye mpango.

18. Mashimo yamejaa maji. Nipande mpunga au nifuge samaki?

Kama dhahabu ilikamatwa kwa zebaki jirani na hapo, hapana kwa vyote viwili. Chini ya maji yaliyotuama pasipo hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa aina inayopenya mwilini kwa urahisi zaidi, hupanda kwenye punje ya mpunga na kujilimbikiza kwenye samaki. Aseniki nayo hulegea udongo ukifurika. Kipimo kinachokupa majibu mazuri juu ya mlima hakikuambii lolote kuhusu bwawa la chini yake. Mashimo ya kokoto, mchanga au matofali, yasiyo na zebaki, ni habari nyingine. Hayo yanafaa kwa samaki.

## Yenye utata

19. Sianidi hukaa ardhini muda gani?

Sianidi huru huondoka haraka kuliko watu wanavyoogopa: jua, hewa na bakteria huivunja, na pH ikishuka hugeuka gesi na kupaa. Iliyoshikana na chuma hudumu muda mrefu. Kinachobaki shambani baada ya sianidi kwenda ni chokaa, sodiamu, shaba na zebaki ya awali, kwa sababu marudio mengi yaliyopitishwa sianidi yalianza kwa zebaki. Usilime lundo lenyewe. Lifunikwe, maji yazuiwe yasipite juu yake, na upande kuanzia mbali. Sianidi ya muhogo haihusiani na hii.

20. Mbolea inaweza kuongeza sumu kwenye mazao?

Inaweza, na hili wauzaji wa pembejeo hawalitaji. Fosfeti na aseniki hufanana kikemia na hugombea nafasi zile zile kwenye udongo. Ukimwaga DAP nyingi palipo na aseniki, unaifungua. Kwa risasi ni kinyume chake: fosfeti huifunga. Chokaa hutuliza kadimi, risasi na shaba, lakini ikipandisha pH sana huilegeza aseniki. Kwa hiyo jina la metali lililotajwa kwenye karatasi ya maabara ndilo linaloamua.

21. Maji yanayotoka kwenye kifusi ni mekundu na hayazai kitu. Chokaa kiasi gani itatosha?

Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki, na inaendelea hadi iishe. Hesabu inayotumika migodini ni kilo 31 za chokaa kwa kila tani ya kifusi chenye salfa ya pairiti asilimia 1. Sentimita 20 za juu za hekta moja zina uzito wa tani 2,600 hivi; ni tani 80 za chokaa, au karibu tani 33 kwa ekari. Hakuna mkulima wa mahindi atakayezirudisha fedha hizo. Kifukie chini ya mfinyanzi, kisiguse hewa, ulime pembeni.

22. Nimeshatengeneza udongo, sasa kuna mtu anataka kununua marudio yaliyo chini. Nikubali?

Hii hutokea kila bei ya dhahabu inapopanda. Kwanza uone leseni yake na uulize ofisi ya madini ya mkoa kama ipo hai. Leseni ndogo ya uchimbaji Tanzania huwa ya miaka saba na huambatana na mpango wa kutunza mazingira. Uombe huo mpango kwa maandishi.

Mkikubaliana, yaandikwe mambo haya mbele ya ofisi ya kijiji: udongo wa juu utolewe kwanza na kuwekwa kando kwa masharti ya namba 7, uchenjuaji ufanyike nje ya shamba, mashimo yafukiwe kabla ya masika yajayo, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa kijiji hadi udongo urudishwe juu. Bei ipige hesabu ya samadi na misimu ya marejea uliyoshatumia, maana hiyo kazi itaanza upya. Akikataa sharti la kuchenjulia nje ya shamba, mwambie aondoke na vipimo vyake.